Theopneustos: Andiko na Pumzi ya Mungu

Katika waraka wa pili wa Paulo kwa Timotheo, sura ya 3, aya ya 16, limo neno ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya, nalo ni theopneustos, sifa iliyoungwa kwa theos, yaani Mungu, na shina la pneo, kupumua au kuvuma, kisha ikatiwa kiishio -tos. Nomino inayosifiwa, graphe, yaani andiko, ni ya jinsi ya kike, wala sifa yake haikubadilika kuifuata, kwa kuwa sifa za kuungwa katika Kiyunani aghalabu huwa na umbo moja kwa kiume na kike.

Mzozo wa wanavyuoni umekaa juu ya -tos hiyo. Mara nyingi huonyesha kutendwa, kama theodidaktos, aliyefundishwa na Mungu, katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike. Lakini apneustos, la shina lile lile, ni asiyepumua, na hapo hapana aliyetendwa. Basi Hermann Cremer wa Ujerumani akashika rai kwamba andiko ndilo lipumualo roho ya Mungu, naye B. B. Warfield wa Princeton, mwaka 1900, akampinga kwa kukusanya sifa nyingi za namna hiyo zianzazo na theo-, akionyesha kwamba mtenda ni Mungu. Hoja ya Warfield naiona nzito zaidi.

Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 walichagua "lenye pumzi ya Mungu", na uzuri wake ni kwamba -enye haina wakati, kama sifa ya Kiyunani isivyokuwa nao. Ila yaeleza kuwa na kitu tu, haisemi kimefikaje, hata wa rai hii na wa rai ile waweza kuisoma wakaridhika wote. Asemaye "lililovuviwa na Mungu" amemtaja mtenda, lakini amelazimika kutia -li- ya wakati uliopita, tena kuvuvia ni kupuliza kitu kilichokwisha kuwapo, kama moto jikoni. Ilhamu nayo, tuliyoipata kwa Waarabu, humshukia mtu moyoni, na hapa hakusifiwa mwandishi, limesifiwa andiko lenyewe. Mimi, ikiwa maneno manne si mengi mno badala ya moja, ningeandika "litokalo pumzini mwa Mungu".