Matokeo ya uchaguzi wa Seneti katika Eneo la Mji Mkuu wa Australia

Matokeo ya uchaguzi wa Seneti katika Eneo la Mji Mkuu wa Australia yanahusu chaguzi 19 zilizofanyika kati ya mwaka 1975 na mwaka 2025 ili kuwapata maseneta wawili wanaowakilisha Canberra na sehemu zinazoizunguka katika baraza la juu la Bunge la Australia. Katika chaguzi 17 za kwanza matokeo yalikuwa yaleyale: kiti kimoja kilikwenda kwa Chama cha Labor na kingine kwa Chama cha Liberal. Mpangilio huo ulivunjika tarehe 21 Mei 2022, mgombea binafsi David Pocock alipomshinda seneta wa Liberal. Mwaka 2025 Pocock alichaguliwa tena.

Eneo lenyewe

Eneo la Mji Mkuu lilitengwa kutoka jimbo la New South Wales mwaka 1911 ili mji mkuu wa shirikisho ujengwe mahali pasipo chini ya jimbo lolote. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,358 hivi, na karibu wakazi wake wote wanaishi Canberra. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 454,000 hivi.

Seneti ina maseneta 76. Kila jimbo kati ya majimbo sita lina maseneta 12, liwe kubwa au dogo, kwa sababu katiba ya mwaka 1901 iliyahakikishia majimbo usawa katika baraza hilo. Maeneo mawili, yaani Eneo la Mji Mkuu na Eneo la Kaskazini, yana maseneta wawili kila moja. Kwa hiyo Tasmania, iliyokuwa na watu 558,000 hivi mwaka 2021, ina maseneta 12, ilhali Eneo la Mji Mkuu lenye watu wachache kidogo tu kuliko Tasmania lina wawili. Kwa mujibu wa sheria, idadi hiyo haitaongezeka mpaka eneo listahili kuwa na wabunge sita katika Baraza la Wawakilishi. Tangu mwaka 2019 lina watatu.

Wapiga kura wa Eneo la Jervis Bay huhesabiwa pamoja na wale wa Eneo la Mji Mkuu. Tangu mwaka 2016 ndivyo ilivyo pia kwa wakazi wa Kisiwa cha Norfolk.

Jinsi viti vilivyopatikana

Kabla ya mwaka 1949 wakazi wa eneo hili hawakuwa na mwakilishi yeyote bungeni. Mwaka huo walipata mbunge mmoja katika Baraza la Wawakilishi, lakini hakuwa na haki kamili ya kupiga kura bungeni hadi miaka ya 1960. Katika Seneti hawakuwa na mtu.

Serikali ya Labor chini ya waziri mkuu Gough Whitlam ilileta mswada wa kuyapa maeneo mawili maseneta. Seneti, ambayo haikuwa mikononi mwa serikali, iliukataa mswada huo. Mwaka 1974 mabaraza yote mawili yalivunjwa na uchaguzi ukafanyika. Mnamo Agosti mwaka huohuo mswada ulipitishwa, pamoja na mingine, katika kikao cha pamoja cha mabaraza mawili. Hadi leo hicho ndicho kikao pekee cha aina yake katika historia ya Australia.

Baadhi ya majimbo yalipeleka shauri mahakamani. Yalidai kwamba Seneti ni baraza la majimbo, kwa hiyo mtu asiyetoka jimboni hawezi kuwa seneta. Upande wa pili ulitegemea kifungu cha 122 cha katiba, kinachoruhusu Bunge kuyapa maeneo uwakilishi kwa kiasi na masharti litakavyoona yanafaa. Mnamo Oktoba 1975 Mahakama Kuu ya Australia iliikubali sheria kwa kura nne dhidi ya tatu. Queensland ilijaribu tena mwaka 1977 ikashindwa: majaji wawili walioipinga sheria mara ya kwanza sasa waliona ni bora kuheshimu hukumu iliyokwisha kutolewa.

Muda wa maseneta wa maeneo

Maseneta wa majimbo huchaguliwa kwa miaka sita, na kwa kawaida huanza kazi tarehe 1 Julai baada ya uchaguzi. Maseneta wa maeneo huanza siku ileile ya uchaguzi, na muda wao huisha kila Baraza la Wawakilishi linapochaguliwa upya, yaani baada ya miaka mitatu au pungufu.

Tofauti hii ilikuwa na uzito mkubwa mwaka 1975. Upinzani katika Seneti ulikuwa umezuia bajeti ya serikali, na Whitlam alikusudia kuitisha uchaguzi wa nusu ya Seneti. Kwa kuwa maseneta wapya wanne wa maeneo wangeingia mara moja, vyama vyote vilipiga hesabu kwamba wingi wa Seneti ungeweza kubadilika kwa miezi kadhaa. Uchaguzi huo haukufanyika: tarehe 11 Novemba gavana mkuu John Kerr alimfukuza kazi Whitlam, na tarehe 13 Desemba nchi ikapiga kura kwa mabaraza yote mawili.

Hesabu ya kura

Kupiga kura ni lazima kwa mujibu wa sheria. Mpiga kura hupanga wagombea au vyama kwa namba: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Mgombea huchaguliwa akifikia kima, ambacho hupatikana kwa kugawanya kura halali kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, kisha kuongeza kura moja. Kwa viti viwili, kama kura halali ni 100,000, kima ni 33,334, yaani theluthi moja na kidogo.

Mgombea akizidi kima, ziada yake huhamishiwa kwa chaguo linalofuata la wapiga kura wake. Ikiwa kiti bado hakijapata mtu, mgombea wa mwisho huondolewa na kura zake huhamishwa vivyo hivyo, hadi viti vyote vipate watu.

Katika jimbo linalochagua maseneta sita kwa mara moja kima ni asilimia 14.3 hivi, kwa hiyo vyama vidogo huweza kupata kiti. Kima cha theluthi moja ni mlima mrefu zaidi. Chama kikubwa chenye theluthi ya kura kina uhakika wa kiti kimoja, lakini ili kupata viti vyote viwili kinahitaji theluthi mbili. Ndiyo maana vyama viwili vikubwa viligawana viti kwa miaka mingi, hata pale ambapo Labor ilishinda kwa mbali katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi katika eneo hilohilo.

Waliochaguliwa

- 1975, 1977 na 1980: John Knight (Liberal) na Susan Ryan (Labor)
- 1983, 1984 na 1987: Susan Ryan (Labor) na Margaret Reid (Liberal)
- 1990 na 1993: Bob McMullan (Labor) na Margaret Reid (Liberal)
- 1996, 1998 na 2001: Kate Lundy (Labor) na Margaret Reid (Liberal)
- 2004, 2007 na 2010: Kate Lundy (Labor) na Gary Humphries (Liberal)
- 2013: Kate Lundy (Labor) na Zed Seselja (Liberal)
- 2016 na 2019: Katy Gallagher (Labor) na Zed Seselja (Liberal)
- 2022 na 2025: Katy Gallagher (Labor) na David Pocock (mgombea binafsi)

Miongoni mwa walioshindwa mwaka 1975 alikuwamo John Gorton, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia kuanzia 1968 hadi 1971. Alikuwa ametoka katika Chama cha Liberal na kugombea peke yake, akipinga jinsi chama hicho kilivyozuia bajeti.

Ingawa eneo ni dogo, baadhi ya maseneta wake walifika mbali. Susan Ryan aliingia baraza la mawaziri mwaka 1983, akiwa mwanamke wa kwanza wa Labor kufanya hivyo, na alisimamia sheria ya mwaka 1984 dhidi ya ubaguzi wa kijinsia. Margaret Reid alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Rais wa Seneti (1996–2002). Katy Gallagher akawa waziri wa fedha za serikali mwaka 2022.

Nafasi zilizojazwa kati ya chaguzi

John Knight alifariki mwaka 1981. Wakati huo eneo halikuwa na bunge lake, hivyo Margaret Reid aliteuliwa na kikao cha pamoja cha mabaraza mawili ya shirikisho. Bob McMullan aliteuliwa kwa njia hiyohiyo mwaka 1988, Susan Ryan alipojiuzulu. Baada ya eneo kupata Bunge lake la Kutunga Sheria mwaka 1989, kazi hiyo ilihamia kwake: lilimteua Gary Humphries mwaka 2003 badala ya Reid, na Katy Gallagher mwaka 2015 badala ya Lundy. Wote wawili waliwahi kuwa Waziri Kiongozi wa eneo.

Mwaka 2018 jambo lilikuwa tofauti. Mahakama Kuu iliamua kwamba Gallagher hakustahili kuchaguliwa mwaka 2016, kwa kuwa siku ya kurudisha fomu za kugombea bado alikuwa na uraia wa Uingereza. Alikuwa amekwisha kuomba kuuacha, lakini taratibu za Uingereza hazikuwa zimekamilika. Kwa kuwa uchaguzi wake ulihesabiwa kuwa batili, hakuna aliyeteuliwa: kura zilihesabiwa upya na kiti kikaenda kwa David Smith, aliyemfuata katika orodha ya Labor. Hukumu hiyo iliwafanya wabunge wanne wa Baraza la Wawakilishi waliokuwa na tatizo la uraia pacha wajiuzulu. Gallagher alirudi Seneti kwa uchaguzi wa 2019, na Smith akaingia Baraza la Wawakilishi.

Kiti cha pili kuyumba

Kiti cha Labor hakikuwahi kuwa hatarini sana. Kiti cha Liberal ndicho kilichokaribia kuanguka mara kadhaa. Mwaka 2010 Lin Hatfield Dodds wa Chama cha Kijani alipata takriban asilimia 23 ya kura za chaguo la kwanza, na Liberal ikapata takriban theluthi moja. Mwaka 2013 Zed Seselja alimshinda Humphries katika kura za maoni ndani ya chama. Katika uchaguzi uliofuata alianza chini kidogo ya kima, huku Simon Sheikh wa Chama cha Kijani akipata takriban asilimia 19. Kila mara Liberal iliokoka kwa sababu ilikuwa karibu na theluthi na ilihitaji kura chache tu kutoka kwa wengine.

Uchaguzi wa 2022

Mwaka 2022 Liberal ilishuka hadi takriban asilimia 25. David Pocock, aliyelelewa Zimbabwe kabla ya familia yake kuhamia Australia, alijulikana kwanza kama mchezaji wa raga wa timu ya taifa na ya Brumbies ya Canberra. Aligombea bila chama, lakini alisajili chama kwa jina lake mwenyewe ili jina hilo lionekane katika sehemu ya juu ya karatasi ya kura, ambayo wapiga kura wengi huitumia.

Gallagher alivuka kima kwa chupuchupu katika hesabu ya kwanza. Pocock alianza na takriban asilimia 21, nyuma ya Seselja. Hata hivyo, wagombea wa Chama cha Kijani na wengine walipoondolewa, kura zao nyingi zilimwendea yeye, naye akavuka theluthi. Alikuwa mtu wa kwanza asiyetoka Labor wala Liberal kuchaguliwa seneta wa eneo hili.

Suala moja la kampeni lilikuwa haki za maeneo. Mwaka 1997 Bunge la Shirikisho lilifuta sheria ya Eneo la Kaskazini iliyoruhusu mgonjwa mahututi kusaidiwa kufa kwa hiari yake, na kuyazuia maeneo kutunga sheria ya namna hiyo. Majimbo hayakuguswa, baadaye yote sita yalitunga sheria zao. Mwaka 2018 mswada wa kuondoa zuio ulishindwa katika Seneti kwa kura 36 dhidi ya 34, na Seselja alikuwa miongoni mwa walioupinga. Pocock aliahidi kuunga mkono kuondolewa kwake. Zuio liliondolewa mnamo Desemba 2022, na mwaka 2024 Bunge la Canberra likapitisha sheria yake.

Katika Seneti hiyo Labor na Chama cha Kijani walikuwa na kura 38 kwa pamoja, moja pungufu ya wingi. Hivyo kura ya Pocock mara nyingine iliamua hatima ya miswada ya serikali, ikiwemo mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2022.

Uchaguzi wa 2025

Tarehe 3 Mei 2025 Pocock aliongoza kwa takriban asilimia 39 ya kura za chaguo la kwanza na kuchaguliwa wa kwanza, mbele ya Labor. Gallagher alipata kiti cha pili. Liberal ilipata chini ya asilimia 20.

Ulinganisho na Eneo la Kaskazini

Eneo la Kaskazini limechagua maseneta wawili katika chaguzi hizohizo, kwa kima kilekile. Huko kila uchaguzi, hadi ule wa 2025, umetoa kiti kimoja kwa Labor na kimoja kwa Chama cha Country Liberal. Hii inaonyesha kwamba kima cha theluthi hulinda vyama vikubwa pale tu kila kimoja kinapobaki na kura karibu na kiwango hicho. Kikishuka hadi robo, kama Liberal ilivyoshuka Canberra, hesabu ileile iliyokilinda humpa nafasi mgombea mwingine anayeweza kukusanya chaguo la pili na la tatu la wapiga kura.

Tazama pia

- Seneti ya Australia
- Canberra
- Eneo la Kaskazini
- Katiba ya Australia