Beti za Mistari Minne: Wosia wa Mama kwa Bintiye

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, akiwa mjane tena mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima wosia wa dini na ndoa. Ni utenzi: kila ubeti mistari minne, kila mstari mizani nane. Mistari mitatu huwa na kina kimoja. Wa nne huishia “ya” utenzi mzima. Ndiyo maana hata asiyejua kusoma aliweza kuuhifadhi moyoni.

Sisi tunaowashonea mabibi harusi tunaona masanduku yamejaa nguo, lakini nasaha chache. Mama, kabla ya nikahi, mwachie mwanao japo ubeti mmoja. Nguo huchakaa.