Padre katikati ya moto



Wapendwa, Padre Joseph O'Callahan, Mjesuiti wa Marekani, alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kujiunga na jeshi la majini mwaka 1940. Tarehe 19 Machi 1945, ndege ya Kijapani iliipiga kwa mabomu manowari yake, USS Franklin. Watu zaidi ya 700 wakapoteza maisha. Aliwapa Mpako Mtakatifu waliokuwa wakifa, kisha akawaongoza mabaharia kuzima moto na kutupa baharini makombora yaliyokaribia kulipuka.

Mwaka 1946 alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake. Miaka michache baadaye kiharusi kilimpooza. Akafariki mwaka 1964.

Ndugu zangu, sala haikumwondoa kazini, wala kazi haikumsahaulisha sala. Tumwombe Mungu moyo huo.