Aliyechora Hakuandikwa: Kutoka Sketi ya Mbulu Hadi Shahada ya Usanifu wa Michoro

Leo sina stori ya staa yeyote. Nina stori ya watu ambao majina yao hatuyajui kabisa, na imeanzia kwenye basi.

Nilikuwa natoka Singida naelekea Babati, pembeni yangu kakaa binti anayeshuka Katesh. Jina lake nalihifadhi, kaniomba mwenyewe. Mapajani kapakata laptopu, kaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nikamuuliza anasoma nini. Akasema usanifu wa michoro, chuo kikuu, mwaka wa tatu. Kabla sijatia neno akaongeza: "Najua utaniuliza kama chuo kikuu siku hizi wanafundisha kuchora katuni. Baba naye aliuliza hivyo hivyo, na alishauza ng'ombe wawili."

Nilicheka, ila swali la huyo baba nimerudi nalo nyumbani. Kwa sababu kazi tunayoiona kila siku, yaani nembo, bango, kadi ya harusi, lebo ya maji ya chupa, ni kweli imeingia lini darasani? Na kabla haijaingia, nani alikuwa anaifanya?

Hata Wazungu wenyewe hawakuwa na jina moja la kazi hii kwa muda mrefu. Kulikuwa na mchapaji, mpanga herufi, mchora matangazo. Anayetajwa sana kwa kulitumia jina la "usanifu wa michoro" ni Mmarekani William Addison Dwiggins, mwaka 1922. Miaka mitatu kabla yake, 1919, shule ya Bauhaus ilikuwa imefunguliwa kule Weimar, Ujerumani, ambako msanii na fundi walisoma chini ya paa moja. Ukisoma kozi hii popote duniani, hapo ndipo mwalimu atakapoanzia. Binti wa Katesh naye alianzishiwa hapo.

Huku kwetu mlango ulikuwa Makerere, Kampala. Miaka ya 1930 mama wa Kiingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha sanaa, na shule ya sanaa ya Makerere mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mtanganyika aliyetaka kusomea brashi ilibidi afunge safari. Sam Ntiro wa Machame alipita pale, akaenda Slade, London, akarudi Makerere kufundisha, na nchi ilipopata uhuru akapelekwa London kutuwakilisha. Elias Jengo naye ni zao la Makerere kabla ya kuwa profesa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako miaka ya 1970 sanaa za ufundi ziliwekwa pamoja na muziki na maigizo. Baadaye sana vikaja vyuo vingine. Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kwa mtoto wa Hanang angalau si mbali kama Kampala.

Lakini angalia kitu kimoja. Waliopita vyuoni enzi hizo wengi walisomea uchoraji na uchongaji, kisha wakawa walimu. Vitu tulivyovivaa na kuvisoma vilikuwa vinachorwa na watu wengine kabisa.

Chukua kanga. Kanga maarufu ya Mombasa ina maandishi ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Jina hilo ni la mfanyabiashara, ukoo wa Kaderdina Hajee Essak. Mchora ua, pindo na lile korosho kubwa la katikati jina lake halipo. Mama zetu wamejitanda kazi yake maisha yao yote.

Wachora katuni ndio waliponea chupuchupu, kwa sababu wao walikuwa wanatia saini. Ndiyo maana tunajua Chakubanga wa gazeti la Uhuru ni wa Christian Gregory, na jarida la Sani tunajua limebeba vipande vya majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi na Nico. Mchora kibao cha saluni pale sokoni Dongobesh, aliyechora vichwa vitatu vimenyolewa panki, nani anamkumbuka?

Na kuna la Ngosha, lile lilituuma wengi. Mei 2017 mzee Francis Maige Kanyasu, aliyekuwa anaishi kwa shida Buguruni, alisema yeye ndiye alishiriki kuchora nembo ya taifa. Akaugua, akapelekwa hospitali, akafariki mwezi ule ule. Wengine walijitokeza na madai yao, ubishi haukuisha. Mimi siamui kesi hapa. Nasema tu kwamba nembo ile, yenye bwana na bibi, karafuu miguuni pa mmoja na pamba miguuni pa mwingine, iko kwenye pasipoti yako na ukuta wa kila ofisi ya serikali, halafu miaka zaidi ya hamsini baadaye nchi nzima inaulizana ni nani aliyeichora.

Turudi Mbulu sasa, maana hapa ndipo binti alipogeuka kwenye kiti na kuanza kuongea hasa.

Mama yake ni Mwiraqw wa Mbulu, baba ni Mbarbaig wa Hanang. Kwa wasiojua, zamani huku kote kulikuwa Mbulu moja, Hanang ikakatwa baadaye, na Manyara yenyewe imekuwa mkoa 2002 tu ilipotolewa Arusha. Kwa hiyo nyumbani kwao kuna historia mbili za ngozi. Upande wa baba kuna sketi ya ngozi ya mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa, ambayo ni kitu cha heshima na ibada, si pambo la kuchezea. Upande wa mama kuna sketi ya shanga ya Wairaqw. Hiyo ilitengenezwa na wasichana wenyewe wakiwa ndani, kwenye mafundisho ya siri yaliyoitwa marmo. Ngozi inalainishwa, kisha shanga ndogo za kioo zinashonwa moja moja kwa safu, mistari na maumbo yanayojirudia. Siku ya kutoka, msichana anatoka amevaa kazi yake. Hiyo ndiyo ilikuwa mahafali yao, na joho walijishonea wenyewe.

Marmo ilipigwa marufuku wakati wa Waingereza, karibu na mwaka 1930. Sketi ziliendelea kushonwa na kuvaliwa harusini, ila shule ilikuwa imefungwa. Na sketi nyingi nzuri ziliondoka. Leo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, kwenye kabati la kioo, chini kuna kikaratasi: Wairaqw, Tanzania, mtengenezaji hajulikani.

Binti alikutana na picha ya sketi moja ya namna hiyo mtandaoni, mwaka wa pili, wakati mteja mmoja, muuza asali, amempa kazi ya lebo. Akaona bingo. Akachukua safu mbili za zile shanga, akazichora upya kwenye kompyuta, akazungushia jina la asali. Ilipendeza kweli, alinionyesha. Mteja akaifurahia, akalipa nusu, nusu nyingine mpaka leo ni "nitakutumia kesho". Lebo iko madukani. Jina la binti halipo popote. (Dizaina gani wa nchi hii hajalizwa hivi? Endeleeni.)

Likizo akaenda Mbulu na uchungu wake, akamwonyesha bibi ile picha ya makumbusho kwenye simu. Bibi hakupitia marmo, mama yake bibi ndiye aliyepitia, ila kushona alimfundisha. Bibi hakuzungumzia asali wala hela. Aliishika simu, akaisogeza karibu na jicho, akaagiza ikuzwe. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye kona moja ya chini na kusema, "Hapa shanga nyeupe zilimwishia. Ona, kaweka za bluu. Halafu upande wa pili nako kaweka bluu makusudi, ili ionekane alipanga."

"Nilitetemeka," binti aliniambia. Alikuwa ameitazama ile picha miezi, ameikata vipande kwenye programu, hakuona. Akadhani ni mpangilio tu. Kisha bibi akamuuliza, "Huyu ni nani?" Akamsomea kile kikaratasi. Bibi akauliza tena, "Na wewe kwenye asali uliandika ni nani?"

Hapo hakuwa na jibu.

Nilimuuliza kama basi haoni bora kazi zote zikae bila majina, kama ya bibi zake. Akakataa. Akanikumbusha Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuizoa Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Alikuwa chuoni. Usiku ule alitengeneza tangazo la kuomba michango ya nguo na chakula, likasambaa kwenye magrupu mpaka akatumiwa yeye mwenyewe na mtu asiyemjua. "Lile sikutaka jina," alisema. "Asali nilitaka. Yule wa shanga hakuna aliyemuuliza anataka nini."

Sasa hivi anaandika mradi wake wa kumaliza chuo. Amerudi kwenye sketi ile ile, lakini safari hii bibi anashona kipande kipya na yeye anapiga picha kila safu, anaandika bibi anavyosema. Chuo kinataka chini ya kila picha atiwe jina la mwenye kazi. Kwa bibi ni rahisi. Kwenye picha ya makumbusho alikaa wiki nzima, akafuta "hajulikani", akaandika: mwanamke wa Mbulu ambaye shanga nyeupe zilimwishia.

Msimamizi wake bado hajairudisha. Konda alipiga bati, tumefika Katesh, akabeba laptopu yake na kanga yake akashuka.