Verni ya maji, verni ya mafuta ao laki: meza yako inahitaji gani?

Meza mbili zinaweza kutoka kwenye atelie moja ya Goma, zote zinang'aa. Kisha miezi michache, moja iko na alama nyeupe za sufuria, nyingine bado safi. Mara mingi tofauti haiko kwenye mbao, iko kwenye kile fundi alichopakaa juu. Aina kubwa ni tatu.

Laki ya selulozi. Inachanganywa na dilia na kupulizwa kwa kompresa. Inakauka kwa dakika chache, na ikikwaruzika inarekebishwa kwa urahisi. Lakini pombe kali inaiyeyusha, sufuria ya moto inaiachia alama, na miaka ikipita inageuka manjano. Tena mvuke wake unashika moto haraka. Mu nyumba ya mbao yenye babula ya makala, hiyo ni hatari kubwa.

Verni ya mafuta. Inaipa mbao rangi ya asali na inavumilia maji na joto. Shida yake ni kuchelewa: kila tabaka inaweza kuchukua siku nzima, na vumbi nyeusi ya mji wetu inanasa juu yake. Kwenye muvula inaweza kuchelewa zaidi, sababu ndani ya mbao hiyo kuna kitu cha asili kinachozuia mafuta kukauka.

Verni ya maji. Chembe ndogo za akriliki ao poliuretani zinaelea ndani ya maji. Maji yakiondoka, zinaungana kuwa ngozi moja. Harufu ni kidogo, na brashi inaoshwa kwa maji. Haigeuki manjano, kwa hiyo mbao nyeupe inabaki nyeupe, lakini juu ya muvula wengine wanaona rangi imepauka. Ya akriliki tupu ni laini. Ya poliuretani ni ngumu zaidi.

Verni hii inataka uvumilivu. Maji yanasimamisha nyuzi za mbao, basi kisha tabaka ya kwanza fundi apitishe msasa laini. Asitumie pamba ya chuma: inaacha kutu na madoa meusi. Asipake mvua ikinyesha ao usiku wa baridi. Ukiigusa kisha masaa mawili utaona imekauka, lakini ugumu kamili unafika kisha wiki 3 ao 4. Wengi wanaweka sufuria ya bugali juu siku ileile, halafu wanalaumu fundi.

Kwa kifupi: meza ya kulia, chagua mafuta ao poliuretani ya maji. Kitanda cha mtoto na kabati, verni ya maji. Kiti cha saluni kisichopata maji wala joto, laki inatosha.

Mbele ya kutoa avansi, uliza fundi: mbao imekauka? Verni ni ya aina gani? Nitangoje siku ngapi? Mbao ikiwa mbichi itajikunja na kupasuka, na hakuna verni itakayoiokoa.