Ukubwa siyo ugumu

Hosteli kuna ubishi. Jamaa ana mchemraba wa Rubik wa 5 kwa 5, anatamba eti ukubwa ndo ugumu. Wapi! Akishapanga vipande vya katikati na vya kingo, anaumaliza kama ule wa 3 kwa 3 aliobuni Ernő Rubik mwaka 1974. Kazi ndefu tu.

Mimi namjibu kwa bao. Karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapa Tabora ikagawanyika: moja Ujiji, nyingine kaskazini, Karagwe hadi Buganda. Waganda wana omweso, pwani wana bao la Kiswahili. Ubao ni uleule: safu 4 za mashimo 8, kete 64. Ila kwenye omweso kete zako 32 zote zinashuka mwanzoni. Kwenye bao unaanza na 10 ubaoni, 22 mkononi. Unanamua mojamoja huku unalinda nyumba, ndipo mtaji uanze. Shimo halijaongezeka hata moja, jamani!

Sasa fikiria mpagazi wa Kinyamwezi aliyezoea la pwani, kafika Buganda, kaona ubao anaoujua, kakaa kwa kujiamini...

Jamaa bado anabisha. Jumamosi tunacheza, komwe ninazo.