Bangi, mirungi na ajira ya Polisi: kijana ajue nini kabla ya kuomba

Jeshi la Polisi linapotangaza ajira, vijana wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega huhangaikia vyeti na namba ya NIDA. Katika makala haya tunaeleza sharti moja ambalo wengi hulisoma harakaharaka.

Matangazo hayo yamekuwa yakitaka mwombaji awe hajawahi kutumia dawa za kulevya, tena asiwe na kumbukumbu za uhalifu. Hayo ni masharti mawili. Kijana ambaye hajawahi kufikishwa mahakamani bado anaweza kukwama kwenye lile la kwanza.

Dawa za kulevya si heroini na kokeini pekee. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inahesabu pia bangi na mirungi. Ni kweli kwamba Kenya mirungi ni zao halali la biashara, lakini ruhusa hiyo haivuki mpaka.

Kwa nini sharti ni kali? Askari hukabidhiwa silaha, vielelezo na siri za upelelezi. Akiwa mtumiaji, anayemuuzia anaijua siri yake na anaweza kumtishia nayo, ilhali huyo ndiye anayepaswa kukamatwa.

Ushauri wetu: soma tangazo lenyewe hadi mwisho, kwani masharti hubadilika. Ukiulizwa, sema kweli. Uongo ukigundulika kwenye upekuzi unaweza kukuondoa hata ukiwa umeshafaulu usaili. Na kijiweni, kumbuka kwamba "mara moja tu" nayo inahesabika.